Barua ya mwaliko haina pesa ndani

Mwezi jana jamaa mmoja wa idara ya jirani alikuja na karatasi ameiweka ndani ya plastiki, ile ya kuhifadhi vyeti, akatuonyesha pale kantini tukingoja ugali na omena. Barua ya chuo kimoja cha Marekani. Ina nembo, ina sahihi ya profesa, inasema wanafurahi kumkaribisha kama mtafiti mgeni kwa miezi tisa. Watu wakashangilia, mmoja akaanza hapo hapo kuagiza laputopu ya mtoto wake, na huyo jamaa mwenyewe wikendi ya kabla ya hapo alikuwa ashachinja mbuzi kwao Bondo kuaga wazee. Nikaomba ile barua niisome mpaka chini. Aya ya mwisho kabisa ilikuwa imeandikwa kwa lugha tamu sana, kwamba nafasi hii haiambatani na malipo yoyote na mgeni atahitajika kuonyesha ana pesa za kujikimu kipindi chote. Nikamuuliza, sasa Daktari, pesa inatoka wapi? Akaniangalia kama mtu niliyemtusi mamake.

"Si wameniita?"

Simcheki. Mimi mwenyewe nishafanya kosa kama hilo, ila langu lilikuwa la upande ule mwingine, nilikuwa na pesa nikakosa likizo, hiyo nitaifikia. Shida yetu ni kwamba hii kitu tunaiita jina moja tu, sabatiko, "fulani ameenda sabatiko", kumbe ndani yake kuna vitu vitatu vimefungwa kamba moja na kila kimoja kina mwenyewe. Muda ni wa mwajiri wako. Pesa ni ya mfadhili. Kiti, yaani meza, kadi ya maktaba, ufunguo wa maabara na jina lako kwa orodha ya wageni, hicho ni cha chuo kinachokupokea. Na hawa watatu hawaongei wenyewe kwa wenyewe kabisa, wewe ndo unazunguka katikati yao na bahasha, huyu anataka kuona barua ya yule kabla hajatoa yake, yule naye anangoja ya huyu. Mlangoni kuna wa nne, ubalozi, ambaye hamwamini yeyote mpaka aone karatasi za wote.

Wacha nianze na muda, manake huo ndo tunaudharau sana.

Neno lenyewe linatoka kwa sabato ya Kiebrania. Ukifungua Mambo ya Walawi sura ya 25 utakuta shamba linalimwa miaka sita na wa saba linapumzishwa, na watu wa Njoro na Molo hiyo hawahitaji mahubiri, wanajua shamba la ngano lisipopumzika linakufanyia nini. Chuo cha Harvard ndo hutajwa kuwa cha kwanza kuleta hesabu hiyo kwa walimu, mwaka 1880, mwalimu akifundisha miaka sita wa saba anaenda kusoma na kuandika huku analipwa sehemu ya mshahara. Kwa hivyo sabatiko yenyewe ni likizo. Ni mwajiri kukuambia nenda, kiti chako kipo, ukirudi utuonyeshe ulichofanya. Haina chuo cha ng'ambo ndani yake. Unaweza kuchukua sabatiko ukae kwako Kakamega unaandika kitabu chini ya mwembe na bado ni sabatiko halali.

Kwa vyuo vyetu masharti hayaachani sana. Wanataka uwe umeajiriwa kwa kudumu, uwe umetumikia miaka kadhaa mfululizo, mara nyingi uwe mhadhiri mwandamizi kwenda juu, uwe na mpango wa kazi ulioandikwa, na uweke sahihi kwamba utarudi kutumikia muda fulani ama urudishe pesa. Lakini usiende na maneno yangu, nenda ofisi ya wafanyakazi uombe ile sera yenyewe uisome na kikombe cha chai, manake chuo kimoja kinaandika mshahara kamili na kingine kinakata marupurupu, na tofauti hiyo utaijua mwisho wa mwezi ukiwa mbali.

Kuna watu pia wanachanganya sabatiko na likizo ya masomo. Hiyo ya masomo ni ya yule bado anatafuta PhD. Halafu iko likizo bila malipo, ambayo ofisi zingine zinakupa haraka sana na tabasamu, kwa sababu haiwagharimu kitu. Hapo ndo uangalie peislipu yako vizuri. Kama una mkopo wa Sacco unakatwa moja kwa moja kwa mshahara, siku mshahara ukisimama mkopo hausimami, na wanaoanza kupigiwa simu ni wale waliokudhamini. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukiisha hivyo, mtu yuko Ulaya anapiga picha na theluji, mdhamini wake yuko Kondele anakatwa.

Sasa ile yangu. Nilipata ufadhili wa miezi mitatu kwenda nchi fulani ya baridi, barua ikafika Novemba, nianze Aprili. Nikapeleka fomu ya likizo kwa mkuu wa idara, akatia sahihi siku hiyo hiyo, tukasalimiana, nikajua yameisha. Kumbe fomu bado inapanda mlima, inatoka idara inaenda kitivo, kitivo kinapeleka kwa kamati, kamati ndo inapendekeza kwa wakubwa. Kamati ikaitwa Februari ikakosa akidi. Ikaitwa mwisho wa Machi, ikauliza nani atafundisha kozi zangu mbili, swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza mbeleni na mimi sikuwa nimejiuliza. Barua ya kuniruhusu ilitoka katikati ya Mei. Mfadhili alinisogezea tarehe mara ya kwanza kwa upole sana, mara ya pili akampa nafasi mtu mwingine kwa upole ule ule.

Tangu hapo mimi nikiandika barua ya kuomba likizo, aya ya kwanza ni nani atabeba madarasa yangu, majina yapo na wenyewe wamekubali. Mambo ya utafiti nayaweka ya pili. Wakubwa hawakatai utafiti, wanachoogopa ni wanafunzi mia mbili bila mwalimu wiki ya kwanza ya muhula, na ukishawatoa hiyo hofu fomu inatembea yenyewe.

Haya, pesa. Hapa ndo kuna lile neno feloshipu ambalo kila mtu analitumia vile anataka. Kwa maana tunayozungumzia ni posho unayopewa wewe kama mtu, ya kukuweka mahali fulani ufanye utafiti, na kwa kawaida inakuja na tiketi ya ndege na bima. Haikufanyi mfanyakazi wa kile chuo, na haimaanishi unasoma digrii. Wanaotoa wako wengi na kila mmoja ana tabia yake kama mabasi ya usiku.

Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa 1946 kwa mswada wa seneta J. William Fulbright wa Arkansas, una sehemu yake ya wahadhiri wa Afrika wanaokwenda kufanya utafiti, na muda wake ni miezi mitatu hadi tisa. DAAD, shirika la Wajerumani la kubadilishana wasomi, ambalo lilianza 1925 na lina ofisi Nairobi, lina ziara za utafiti za mwezi mmoja mpaka mitatu kwa walimu wa vyuo, fupi lakini nzuri kwa mtu mwenye watoto wadogo. Wajerumani wana pia Alexander von Humboldt, taasisi iliyofufuliwa 1953, hiyo ni nzito, wanahesabu miaka tangu upate PhD na ukichelewa mlango unafungwa, lakini uzuri wake mtafiti mwenye uzoefu anaweza kugawa muda wake safari mpaka tatu badala ya kukaa mfululizo. Kwa watu wa fizikia na hesabu kuna kituo cha ICTP pale Trieste, Italia, kilianzishwa 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, yule aliyepata Nobel 1979, na ule mpango wao wa washirika ni wa miaka sita, unaenda unarudi, unaenda unarudi. Salam aliufikiria hivyo makusudi. Alikuwa ameona vile mwanasayansi wa nchi maskini analazimika kuchagua kati ya kukaa nyumbani peke yake na kuhama moja kwa moja, na yeye mwenyewe ilibidi ahame. Mimi huwa nasema huo mpango ulibuniwa na mtu aliyeumia.

Watu wa historia, lugha na siasa wasijione wameachwa. Kituo cha Masomo ya Afrika cha Leiden, Uholanzi, na taasisi ya Wanordiki ya mambo ya Afrika pale Uppsala, Sweden, zote zimekuwa zikipokea wageni kutoka huku. Na ng'ambo si lazima iwe kwa baridi. STIAS ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ni nyumba nzima iliyojengwa kwa kazi moja, watu kukaa na kufikiri, na pale University of Ghana kuna taasisi inaitwa MIASA inayopokea watafiti hivyo hivyo. Sielewi kwa nini watu wetu wanaziruka hizo mbili wakikimbilia foleni ya London.

Kitu kinachofanya watu wagongane na ukweli ni hesabu ya miezi. Likizo yako ni miezi kumi na mbili, posho ni ya mitatu, hiyo tisa iliyobaki unaishi wapi? Jibu zuri ni kwamba hujalazimishwa kukaa kule mwaka mzima. Mtu anayejua hii kazi anatumia miezi minne ya kwanza nyumbani kupanga data, mitatu kule, halafu anarudi kuandika. Wengine wanaunganisha posho mbili, moja ikiisha ingine inaanza, na hiyo inaruhusiwa mradi zisipande moja juu ya ingine. Zikipanda, ama ukiwa bado unalipwa mshahara kamili nyumbani huku unapokea posho, soma masharti ya mfadhili neno kwa neno na umwambie kabla hajakuuliza. Kuna wafadhili wanaojua vizuri kwamba sabatiko inakuja na mshahara na hawana neno, wanasema mshahara ni wa familia, posho ni ya kodi ya nyumba kule. Kuna wengine wanakata. Ukificha ndo unageuka mwizi kwa kitu ambacho labda ulikuwa umeruhusiwa.

Na posho ikitajwa kwa yuro usianze kuzidisha na kiwango cha benki ukinunua ploti Ahero. Zidisha kwanza na kodi ya chumba kimoja Munich.

Kuna pia mlango wa nyuma ambao watu wanaupita bila kuuona. Mfuko wa Carnegie ulianzisha 2013 mpango wa kufadhili wasomi waliozaliwa Afrika na wanaofundisha Marekani au Kanada waje vyuo vya huku kwa siku 14 mpaka 90. Ni sabatiko iliyopinduliwa, mgeni ndo anakuja kwako, na safari nyingi za kwenda zilizaliwa hapo, manake profesa aliyekaa mezani kwako Maseno akanywa chai yako na akaona data yako hahitaji barua ndefu ya kukutambua.

Hiyo inatuleta kwa mwenyeji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo safari inakufa ama inaishi.

Wafadhili karibu wote watakuuliza, nani kule anakungoja? Hawataki jina la chuo, wanataka jina la mtu. Kwa hivyo ingawa pesa ndo inakuuma kichwa, unaanza kwa mwenyeji, na unaanza mapema, mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya siku unayotaka kupanda ndege. Najua watu wanaotuma imeili moja kwa maprofesa arobaini, wote wako kwa mstari mmoja wanaonana, inaanza na heri na baraka, inaendelea na aya tatu za vyeo vya mtumaji, inamalizia kwa kuomba "nafasi yoyote inayopatikana". Profesa wa kule anapokea za namna hiyo kila wiki na anajua kuzifuta kabla kahawa haijapoa.

Barua iliyonipatia mwenyeji ilikuwa na sentensi kama saba. Nilimwambia nimesoma makala yenu mliyopima rutuba ya maji katika maziwa mawili ya kwenu, na mkasema mnakosa mfano wa ziwa la joto lenye gugumaji. Mimi nina vipimo vya miaka minne vya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, kila mwezi, sehemu sita. Ningependa kukaa nanyi miezi mitatu tulinganishe, gharama nitaomba mahali fulani, tangazo linafungwa mwezi fulani, ninachohitaji kwako ni barua ya ukurasa mmoja. Basi. Alijibu siku ya pili.

Ona nilichofanya hapo, sikuenda kuomba, nilienda na kitu mkononi. Na huku kwetu vitu tunavyo mpaka vinamwagika. Kuna watu wa malaria pale Kisian na data ya miaka na miaka. Nakuru kuna maziwa ya Bonde la Ufa yaliyoanza kupanda maji karibu 2010 yakameza barabara na mashamba, na wanasayansi wa dunia nzima wanauliza kwa nini. Mtu wa isimu aliyekaa kati ya Waluhya wa Wanga, Tiriki na Bukusu ana lahaja nyingi kwa eneo la saa mbili za matatu, profesa wa ng'ambo angehitaji miaka kuzifikia. Halafu unamwona mtu huyo huyo anaandika kwa unyonge, "nisaidieni". Wacha hiyo.

Mwenyeji akikubali, muulize maswali ambayo yanaonekana ya aibu. Nitakaa wapi kazini, meza ni yangu au tunapokezana? Maktaba nitaifikia nikiwa nyumba ya kupanga pia ama ndani ya chuo tu? Na hii ndo kubwa, kuna ada? Vyuo vingine vinamtoza mtafiti mgeni ada ya kutumia maabara ama ada ya usimamizi, na siyo kidogo, na profesa mwenyewe wakati mwingine hajui manake inakusanywa na ofisi ingine. Mwambie aulize. Kama iko, iingie kwa bajeti unayopeleka kwa mfadhili. Lakini ukiona "chuo" kinakutumia barua ambayo hukuiomba, kinataka pesa ya kushika nafasi itumwe haraka, na anwani ya imeili ni ya bure bure tu, hao ni wezi, funga.

Tuna msemo wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe wanakupa siku ya kwanza. Watakutaka utoe semina, ukae na wanafunzi wao, uje kwa kikao cha maabara kila Jumanne saa tatu kamili na saa tatu yao ni saa tatu. Mtu akijificha chumbani anaandika peke yake miezi mitatu hakuna atakayemfukuza, lakini pia hakuna atakayemkumbuka, na ile barua ya kumpendekeza baadaye itakuwa ya mistari miwili.

Ukishapata watatu hao, ndo unapanda basi la usiku kwenda Nairobi kwa yule wa nne.

Marekani, mtafiti mgeni kwa kawaida anaingia kwa viza ya J-1, ile ya wageni wa kubadilishana. Chuo kinachokupokea ndo kinatoa fomu inaitwa DS-2019, na hawaitoi mpaka waone pesa, ile ile aya ya mwisho ya barua ya yule jamaa yetu. Mambo mawili hapa watu hawaambiwi. Ukienda kwa pesa ya serikali yao au ya serikali yako, kama Fulbright, unafungwa na sharti la kurudi kukaa nyumbani miaka miwili kabla hujaomba aina fulani za viza za kazi au makazi ya kudumu. Kwa mtu wa sabatiko hiyo haina maumivu, ulikuwa unarudi hata hivyo. Ingine ndo inauma. J-1 ina makundi ndani yake. Kundi la mtafiti linaruhusu mpaka miaka mitano, unasikia utamu, lakini ukishamaliza programu yako na kufunga, hata kama ulikaa miezi minne tu, huwezi kurudi kwa kundi hilo mpaka miezi 24 ipite. Kundi la msomi wa muda mfupi mwisho wake ni miezi sita, haliongezwi, ila halina hicho kifungo. Kwa hivyo kama unaenda miezi mitano na unajua mwaka ujao utataka kurudi kumalizia, uliza ofisi yao ya wageni inakuandikia kundi gani kabla fomu haijachapishwa. Ni kisanduku kimoja kwa fomu, na kinaamua miaka miwili yako. Weka pia kwa hesabu ada ya SEVIS, ule mfumo wao wa kufuatilia wageni wa masomo, dola 220, na bima inayolipa si chini ya dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, hiyo ni sheria yao, kadi yako ya SHA, bima ya afya ya huku Kenya, haitakusaidia pale.

Uingereza sheria zao za mgeni zinamtaja kabisa msomi aliye kwa sabatiko anayekuja kufanya utafiti wake mwenyewe, anaweza kukubaliwa mpaka miezi 12, lakini asiajiriwe kule. Ukiomba zaidi ya miezi sita kutoka Kenya unapimwa kifua kikuu kwanza na kupata cheti, na hupimwi hospitali yoyote tu ya mtaani, ni kwa kliniki waliyoiidhinisha. Nchi za Ulaya za Schengen nazo zina ile hesabu ya siku 90 ndani ya siku 180, na siku 90 si miezi mitatu, kalenda ya Julai na Agosti zote zina 31, watu wamewahi kupitisha siku mbili wakajikuta wanajieleza kwa askari wa mpaka. Ukipita hizo siku unahitaji viza ya taifa lenyewe, na hiyo inachukua muda mrefu zaidi.

Kodi sitaimaliza hapa, mtafute mhasibu. Ila ujue Marekani wanaweza kukata asilimia 14 kwa sehemu ya posho ya mtu wa J-1 inayotozwa kodi, na Kenya haina mkataba wa kodi na wao, wakati Uingereza na Ujerumani tunayo.

Kitu ambacho sisi wa sayansi tunakisahau mpaka tuko uwanja wa ndege ni sampuli. Umezoea kuweka chupa za maji, mbu waliokauka ama udongo kwa begi kama unga wa kupelekea shangazi. Hapana. Kwanza utafiti wenyewe unatakiwa uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Halafu Kenya imo ndani ya Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inayosema mali ya viumbe vya nchi haitoki bila kibali na bila kuandikiana nani atafaidika, kibali hicho kinapitia NEMA, mamlaka ya mazingira, na kati ya chuo chako na kile cha kule kunakuwa na mkataba wa kuhamisha sampuli. Usione ni usumbufu. Ndo unakulinda wewe siku kile kidudu cha Winam kikigeuka dawa na jina lako halipo popote. Na kama ulichobeba ni majibu ya watu uliowahoji, kuna sheria ya kulinda data ya 2019, majina yao hayaruki mpaka kwa kompyuta ya mtu mwingine hivi hivi tu kwa sababu mmekuwa marafiki.

Familia nayo. Viza ya J-1 inaruhusu mume au mke na watoto kuja kwa J-2, na huyo mwenzako anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi, lakini posho nyingi hazikuhesabu watu wanne. Wengi wetu tunaenda peke yetu, tunaacha funguo na orodha ya karo kwa friji, na kile kimya cha jioni ya kwanza kwenye chumba cha wageni hakuna mtu alikuwa amekitaja kwa semina ya maandalizi.

Yule jamaa wa mbuzi tulikaa naye jioni mbili. Tukaandika upya. Ilibidi amrudie profesa wake na kumwambia ukweli, kwamba pesa bado, na profesa wala hakushangaa, alikuwa anangoja aulizwe. Wakakubaliana miezi sita badala ya tisa, kundi la muda mfupi, na mwaliko ukasogezwa mbele mwaka mzima ili maombi ya ufadhili yapate kuingia na kamati yetu ipate kukaa, na kama tunavyoijua, kukaa tena. Kozi zake wamezichukua wenzake wawili, kwa maandishi. Barua mpya imefika wiki iliyopita, hii hajaitia kwa plastiki. Iliyobaki ni wazee kwao Bondo, wanamwona sokoni kila Jumamosi na wanauliza alirudi lini.